Dirisha la Jikoni

Mama alimpa mdogo wangu dirisha la sebuleni, mimi akanipa la jikoni. Alikuwa anachambua lengalenga, wala hakuinua kichwa. "Ya salon atafanya mudogo yako," akasema. "Weye utafanya ya jikoni." Halafu akaendelea na majani yake, kana kwamba amenituma chumvi.

Jamani, kazi ya vioo vya rangi nyumbani kwetu Musaga ni kazi ya nani? Ni yangu! Mimi ndiye niliyeiona kwenye simu, mimi ndiye niliyeharibu vioo na gundi mpaka majirani wakauliza kama nimerukwa na akili, na mimi ndiye niliyeifanya mpaka ikakubali. Mdogo wangu nilimfundisha mwenyewe pale barazani, likizo moja aliyokuja kwetu hana la kufanya. Sikumficha kitu. Nilimpa kila nilichojua, kama mjinga.

Vioo vya kanisani, vile vya kweli, vinakatwa vipande vipande na kuungwa kwa madini ya risasi. Mimi nafanya vya uongo, sikatai. Unachora picha yako kwenye karatasi, unailaza chini ya kioo safi kilichofutwa kwa spiriti. Unachukua gundi nyeupe ya maseremala, unaichanganya na rangi nyeusi, unaitia ndani ya bomba la sindano la famasi, bila ile sindano yenyewe, na unafuata mistari polepole. Hiyo ndiyo risasi yako. Ikikauka, unachanganya gundi nyingine na rangi ya keki, tone kwa tone, unajaza katikati ya mistari. Mwanzoni inakuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa rangi, na mtu asiyejua atakucheka. Ngoja ikauke. Maziwa yanaondoka, rangi inabaki, na jua likipita hapo mwenyewe utanyamaza.

Ila gundi hiyo na maji ni maadui. Kwa hiyo upande uliopakwa unaangalia ndani ya nyumba, siku zote, na mahali penye mvuke unaupaka verni juu, ile vanishi ya mbao inayozuia maji. Hilo nalo nilimwambia mdogo wangu. Nilimwambia akiwa anajitazama kucha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na siku ya kumaliza matanga ilikuwa inakaribia, ile ambayo watu wa Bujumbura wanaiita levée. Siku hiyo mjane anavua nguo za msiba, watu wanakuja, wanaomba, wanakula, na nyumba inaruhusiwa kucheka tena. Mama alitaka nyumba iwe na rangi. Alifunga ndoa Uvira, katika kanisa lenye vioo vya rangi, na tangu nipate akili nimemsikia akisimulia jinsi gauni lake jeupe lilivyogeuka jekundu na buluu alipokuwa anapita katikati ya viti. Kwa hiyo akasema madirisha mawili yatatosha, la sebuleni na la jikoni.

Mawili hayo yana kipimo kimoja. Baba, ambaye alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, alinunua vioo vyote vya nyumba kwa mara moja na akataka vikatwe sawasawa. Alisema kikivunjika cha mbele utaleta cha nyuma. Ndivyo alivyokuwa, hakupenda kitu kisicho na mbadala.

Sasa nieleze wivu wangu, maana haukuwa wa kioo peke yake. Mdogo wangu ameolewa Kinanira, kule mlimani, na mtu mwenye gari. Anakuja Jumapili, ananukia vizuri, ananyoosha miguu, anaondoka. Mimi ndiye ninayeishi na Mama. Mimi ndiye ninayempeleka hospitali, ninayechemsha maharage yake, ninayejua ni goti lipi linalomuuma mvua ikitaka kunyesha. Na sebule anapewa mgeni wa Jumapili! Sebule, ambako baba mdogo atakaa, na wazee wa kanisa, na watu wote waliofanya kazi na Baba. Mimi nipewe jikoni, kwenye makaa na moshi, mahali ambapo hata kuku haulizi kioo kimetengenezwa na nani. Nilitaka kitu kimoja tu: Mama asimame mbele za watu, aonyeshe dirisha na kusema hii imefanywa na mukubwa yangu. Basi.

Nilinuna. Mimi nikinuna nanuna kwelikweli, waulize majirani.

Mdogo wangu alileta kioo chake ndani ya gari, kimelazwa juu ya blanketi kama mgonjwa. Nilichungulia kidogo tu. Njiwa mweupe, msalaba mwekundu, mawingu ya buluu, miali myekundu pembeni. Na kilichoniuma, afadhali niseme, ni kwamba kilikuwa kizuri. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu. Mama akapiga makofi. "Ee Yesu wangu, mutoto huyu!" Mimi nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Tangu siku hiyo sikukanyaga sebuleni. Alipokuja na fundi kukiweka, nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilipotaka kutoka, nilizunguka kwa mlango wa jikoni na uchochoro wa jirani, nisipite mbele nikakiona. Wiki nzima nilikuwa naishi katika nyumba yetu kama mpangaji wa chumba cha uani.

Cha jikoni nilikifanya kwa hasira. Niliwaza, jikoni, sivyo? Sawa, nitawapa samaki. Nikachora mukeke mmoja mkubwa, wale wa ziwani ambao Baba alikuwa anarudi nao jioni kutoka bandarini, wamefungwa uzi mdomoni. Nilianza kwa kejeli, lakini mukeke hataki mchezo. Mgongo wake una rangi ambayo si kijani wala si kijivu, na nikifunga macho nilikuwa naiona mkononi mwa Baba, ila kwenye kikombe cha gundi ilikataa. Nilichanganya, nikamwaga, nikachanganya tena. Nilisahau hata kununa. Mama alikuja, akainama juu ya kioo.

"Mbona iko nyeupe kama maziwa?"

"Ngoja ikauke, Mama."

Akavuta kigoda chake. Kigoda hicho kiko chini ya dirisha la jikoni miaka yote. Akakaa hapo kungojea, kama mtu anayengojea sufuria. Ilipokauka nikapaka verni, nikarudia tena kwa ajili ya mvuke wa maharage, na nikakiweka mwenyewe kwa misumari midogo. Mama hakupiga makofi. Alisema tu, "Iko mukeke." Nikajibu moyoni, ndiyo Mama, asante kwa kunijulisha.

Siku ya matanga hema lilisimamishwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vikapangwa, soda zikawekwa kwenye mapipa ya maji. Mama alivaa kitenge kipya, cha njano, na watu walipomwona bila nyeusi wakapiga vigelegele. Maombi yakaenda vizuri. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza shughuli, akasimama kusema maneno ya familia. Ndipo mvua ikaja. Si manyunyu, ni mvua ile ya Bujumbura inayoshuka milimani kwa ubavu na kuingia hata chini ya hema. Watu wakakimbilia ukutani, chini ya ukingo wa paa.

Shemasi mmoja, mzee mnene mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri sana, alijibana pale chini ya dirisha la sebuleni. Nilikuwa nje, nabeba sahani. Nikamwona shangazi yangu anamkazia macho, halafu anapiga ukelele: "Damu! Mungu wangu, shemasi anatoka damu!"

Bega la shemasi lilikuwa jekundu. Kila mtu akageuka. Juu yake, msalaba wa mdogo wangu ulikuwa unateremka ukutani. Buluu ilifuata, kisha nyekundu nyingine, mstari kwa mstari juu ya chokaa nyeupe tuliyoipaka kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Njiwa alikuwa ameshapoteza bawa.

Alikuwa ameugeuza upande wa rangi nje!

"Wageni wanakaa nje, yaya!" mdogo wangu akalia, akijaribu kuizuia buluu kwa viganja. Yaya ni mimi, ndivyo anavyoniita kwa kuwa ni dada yake mkubwa. "Hema liko nje! Ndani nani angeiona?"

Hata kwenye kilio chake alikuwa na hoja. Kwenye matanga yetu watu wengi wanakaa nje, na yeye alitaka picha iwaangalie watu. Ningekuwa nimeingia sebuleni mara moja tu wiki ile, ningeliona kosa hilo kabla sijafika kwenye kiti. Lakini sikuingia. Na furaha niliyoisikia pale kwenye mvua, nikiwa na sahani mkononi, sitaki kuipamba: ilikuwa furaha tupu.

Baba mdogo ni mtu wa haraka. "Toeni hiyo," akasema. "Ile ya jikoni iko kipimo kimoja. Ileteni tuiweke hapa, haya yasionekane." Akanitazama mimi. "Fanya mbio, mukubwa."

Niliingia jikoni mbio, natafuta koleo ya kung'olea misumari. Mama alikuwa ameshaingia kujikinga mvua, amekaa kwenye kigoda chake na kitenge chake cha njano.

"Sogea kidogo, Mama. Tunachukua hii tunaweka mbele."

"Apana."

"Baba mdogo ndiye amesema. Ile ya salon imeharibika."

"Nimesikia. Apana."

Baba mdogo akatokea mlangoni, analowa. "Shemeji, watu wako hapa. Wataona nini pale mbele?"

"Wataona mvua," Mama akasema.

Hapo nikapasuka. Sikujali nani anasikia. "Hata leo, Mama? Hata leo? Yeye unampa wageni, mimi unanipa moshi! Ninayekaa na wewe ni nani? Kazi hii ni ya nani? Siku moja tu watu waone yangu, na wewe unakataa!"

Baba mdogo akaangalia chini. Mama alinitazama, na hakukasirika, ingawa hasira yake ingenisaidia.

"We mutoto," akasema. "Salon ni ya watu. Wanakuja, wanaona, wanaenda kwao. Mi nakaa wapi?"

Nikatazama kigoda chake.

"Asubuhi, mbele ya baba yako kwenda bandarini, tulikuwa tunakunywa chai wapi? Hapa. Na sasa nabakia miye. Nilijua mudogo yako atafanya kitu cha kupendeza watu. Hii nilitaka weye ndiye ufanye, kwa sababu miye ndiye nitaiangalia kila siku mpaka nife." Akageukia dirisha. "Na uliniletea mukeke yake. Basi usiitoe."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Koleo bado nilikuwa nayo mkononi, sikujua niiweke wapi. Nikainama nikapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Nilipoinua kichwa, mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya baba mdogo. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amesikia yote.

"Kumbe mi ulinipa ya watu," akasema.

Mama alimwita aje akauke karibu na jiko, akampa kanga ajifute. Alikuja, akajifuta. Lakini alikuwa anamtazama yule samaki, na mimi uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuvaa tangu siku ya lengalenga.

Siku hizi dirisha la sebuleni lina kioo cha kawaida. Mdogo wangu bado anakuja Jumapili na gari lake, ila haingii tena kwa mlango wa mbele. Anazunguka, anaingia jikoni, anasimama nyuma ya kigoda cha Mama, na jua likiwa zuri wote wawili wanapata kijani kidogo usoni.

Ananiuliza kila mara: "Yaya, ile rangi ya mgongo uliipata namna gani?"

Namwambia nimesahau.