Koo la Dume wa Malachy

Shemeji yangu Malachy Trehy alikuwa na mdomo mchafu kuliko zizi lake, na zizi lenyewe halikufagiliwa ipasavyo tangu mkewe, dada yangu, alipofariki. Nilimchukia, sifichi. Hata hivyo kila vuli mimi ndiye niliyemwendeshea lori kutoka kwetu Tipperary, Ireland, hadi kwenye mnada wa farasi wa mbio Kildare, maana hakuna dereva mwingine aliyemvumilia.

Alibakiwa na farasi jike mmoja wa ukoo wa washindi, na mwaka ule alikuwa na mwanawe wa kuuza, dume wa mwaka mmoja, miguu imenyooka, mwendo wa kukutoa udenda. Mambo yalikuwa wazi. Dume akipata bei nzuri, mama yake anabaki shambani. Asipopata, mama naye anauzwa kulipia madeni, na Malachy anabaki kutazama nyasi.

Asubuhi ya ukaguzi akaja bwana mmoja mwenye kofia, anayewanunulia matajiri. Alimtazama dume akitembezwa, akaenda zake, akarudi na daktari wa wanyama aliyeshika mpira mwembamba wenye kamera.

"Mzee, tunaomba tumpitishie puani tuone koo, kama anapumua vizuri akikimbia. Dakika moja tu tutakuwa tumemaliza."

"Hampitishi kitu. Koo ni zima. Nimesema mimi."

"Lakini ni kawaida, mzee, farasi wote hapa..."

"Aa, kumbe mimi mwongo! Sema basi! Niite mwongo mbele za watu!"

"Shemeji," nikamwambia, "waache wampime yaishe."

"We funga domo. Kazi yako usukani, na hata huo hujui kuushika."

Bwana yule akagusa kofia yake kwa adabu, akaondoka. Kufikia wakati wa chai mnada mzima ulijua kwamba dume wa Malachy ana koo bovu. Baadaye ikawa hukoroma akikimbia. Mwisho wakasema hata babu yake alikoroma. Kasoro haikuwapo, lakini mwenyewe alionekana anaficha kitu, na hilo liliwatosha. Kweli, mnunuzi angeweza kumpima baadaye na kumrudisha, ila nani alikuwa na hamu ya kurudisha kitu kwa Malachy?

Dume alipoingia ulingoni, mnadi alianza na yuro elfu themanini. Hakuna aliyeinua mkono. Akashuka hamsini, akashuka thelathini. Yule wa kofia alikuwa anasoma gazeti. Kwenye ishirini, mkono mmoja ukainuka nyuma. Ulikuwa wa Dympna Coughlan, mjane wa shamba la jirani, ambaye yeye na Malachy walitukanana miaka nenda rudi kwa ajili ya mtaro wa mpakani. Hakuna aliyemfuata. Mnadi akamtazama Malachy kuona kama atauza au atarudi naye nyumbani. Kiburi kilimkataza Malachy kutoka mle na farasi aliyekataliwa, akaitikia kwa kichwa. Nyundo ikagonga: elfu ishirini, pesa zisizotosha kumbakiza yule jike shambani.

Kwetu muuzaji humrudishia mnunuzi noti moja ya bahati, hata kama wanachukiana. Malachy alimwendea Dympna nje ya mabanda, akamtupia noti miguuni.

"Umekuja kunicheka, mchawi we?"

Dympna akainama, akaiokota, akaipangusa matope.

"Nimekuja kununua farasi."

"Farasi mwenye koo bovu? Hujasikia wenzako?"

"Nimesikia. Wewe ni mshenzi, Malachy. Umeniita mwizi, umeniita mchawi, umemtukana marehemu mume wangu siku ya maziko. Lakini hujawahi kunidanganya. Umesema koo ni zima, basi ni zima."

Malachy alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza matusi yalimkauka. Kisha akamshika dume hatamu.

"Mpime," akasema. "Mwite daktari. Mpime hapa hapa, wote waone."

"Wa nini? Nishanunua. Hebu achia farasi wangu."

Akaachia. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona mtu huyu akinyamazishwa, na ilipotokea sikufurahi kama nilivyotarajia. Njia nzima hakunitukana hata mara moja, hata nilipokosea kona.

Tulipofika, yule jike alisikia lori akaja mbio hadi getini, akisimamisha masikio, akitafuta mwanawe. Malachy alimwona kupitia kioo. Hakushuka.