Mtani Aliyetulia Msibani

Siku walipomzika Bi Zawadi kule Kisarawe, Maulidi Mwishehe alilala ndani ya jeneza.

Jeneza lilikuwa limeletwa kutoka msikitini, limewekwa uani kusubiri maiti aoshwe. Maulidi akavua kandambili zake, akajinyoosha humo kama mtu aliyerudi kutoka shamba, akajifunika kanga usoni. Kisha akapaza sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Hatoki Mnyamwezi yeyote hapa bila kuku! Mmembebesha mizigo bibi wa watu tangu Tabora, leo mnataka asafiri bure?"

Wanawake waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Mfiwa mwenyewe, Yahya, mume wa Bi Zawadi, alikuwa hajatia kitu kinywani wala hajadondosha chozi. Akainuka mkekani, akasafisha koo kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kusema lolote, akaja kusimama juu ya jeneza kifua mbele.

"Toka humo, mtumwa wangu. Wewe ukifa tutakuviringisha kwenye makuti. Jeneza utalichafua."

"Kuku kwanza."

"Kuku una meno ya kumtafuna wewe?"

"Utanitafunia, si ndiyo kazi niliyokununulia?"

Yahya akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Alipokaa ndipo alipolia, akalia kilio kikubwa, na Maulidi akatoka jenezani akamshika mabega. Kuku akaletwa. Watu wa rika lao waliokuwapo walijua kazi imefanyika. Mtani ndiye anayemfungulia mfiwa kilio. Mzaramo humfungulia Mnyamwezi, na Mnyamwezi humfungulia Mzaramo, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na hakuna aliyewahi kumwita mwenziwe mwendawazimu kwa hilo.

Lakini karibu na ndoo za maji alikuwa amesimama Eugenia, mkamwana wake Maulidi, ambaye hakucheka. Alizaliwa Bukoba, akasoma Dar es Salaam, akaolewa na Ashrafu, mtoto wa mwisho wa Maulidi, karani wa ofisi moja pale Kibaha. Utani aliujua ule wa redioni, washabiki wa mpira wakizomeana. Alimtazama baba mkwe wake amelala ndani ya jeneza la msiba wa watu, na masikio yakamwaka kwa aibu.

Mazishi yalipokwisha, Yahya na Maulidi walikaa upenuni wakigombania kichwa cha kuku. Walijuana tangu ujana, tangu Yahya alipoletwa na kazi ya reli akashukia Pugu, naye Maulidi akiwa mkwezi wa minazi, kijana mwenye vifundo vigumu kama magome. Siku ya kwanza kabisa Maulidi alimnyang'anya kofia akaivaa, akamwambia atairudisha siku Wanyamwezi watakapojifunza kuoga. Urafiki wao ulijengwa kwa matusi ya namna hiyo, na hakuna siku hata moja waliyoombana radhi.

"Mtani," Yahya alisema jioni ile, safari hii bila kusafisha koo. "Nikitangulia mimi, usiache nikaondoka kimya. Watoto hawa watanizika kama wanavyopeleka barua posta."

"Nitaivaa hiyo kofia yako mbele ya watu, nitembee kifua mbele kama jogoo mgonjwa. Mpaka maiti uone haya."

"Umeahidi."

"Nimeahidi, mzigo wewe."

Wakati huo Maulidi alikuwa amekwisha kuhamia Sofu, pale Kibaha, kwa mwanawe. Mkewe alikufa, na minazi aliyoipanda marehemu babake ilikatwa kupisha nyumba za watu wenye magari. Kisarawe ya siku hizi haihitaji mkwezi. Nazi inanunuliwa imekwisha kukunwa, ndani ya mfuko, na anayeinunua hajui mnazi una kivuli cha namna gani. Pale Sofu alipewa chumba kizuri chenye marumaru, na kiti cha plastiki barazani. Majirani walikuwa watu waliotoka kila upande wa nchi, kila mmoja nyuma ya geti lake. Aliwatania. Wengine walitabasamu, wengine walimlalamikia Ashrafu.

Tena ni kweli kwamba alikuwa ameanza kusahau. Hilo halifichwi hapa. Aliswali alasiri, kisha akatawadha akaswali tena. Alikwenda Misugusugu kumwona mtu, akazunguka huko mpaka dereva mmoja wa bodaboda akamrudisha, na alipoulizwa alikuwa akimfuata nani, hakujua. Aliwahi kumwita Eugenia kwa jina la marehemu mkewe. Kila ilipomtokea aliogopa, na hofu yake yote ilikuwa moja: kwamba Yahya atakufa naye atakuwa amesahau deni lake. Kwa hiyo kila asubuhi, akipiga mswaki, alijikumbusha kwa mdomo: kofia, kifua mbele, safisha koo.

Ndipo akaja Daktari Atupele. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti wa ubongo, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viatu vya kamba vilivyojaa vumbi, maana alizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba mkoani Pwani akitafuta wazee wanaosahau. Zahanati ndiyo iliyomwelekeza kwa kina Ashrafu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyakyusa, babu."

"Basi kaa mbali na ndizi zangu."

Atupele alicheka kidogo, akatoa karatasi zake. Alieleza kazi yake kwa maneno ambayo hata Maulidi aliyapenda. Alisema kumbukumbu haikai mahali pamoja kichwani kama nguo sandukuni. Sura ya mtu inakaa huku, sauti yake kule, jina lake kwingine, na mtu anapokumbuka, sehemu hizo zinaitana. Kuna njia kati ya sehemu hizo. Uzee na maradhi huanza kuharibu njia, wakati sehemu zenyewe bado nzima. Yeye alitaka kujua ni njia zipi zinazokufa kwanza.

"Kama njia ya zamani ya miguu ya Kisarawe kuja huku," Maulidi alisema. "Kisarawe ipo, Kibaha ipo, na njia imeota msitu. Haina anayepita."

"Hivyo hivyo, babu. Umeniwahi."

Kisha akamgeukia Eugenia, kwa kuwa utafiti ulitaka pia kauli ya anayeishi na mgonjwa. Aliuliza juu ya usingizi, chakula, kupotea njia. Eugenia alijibu kwa uaminifu. Alimpenda mzee, alimfulia, alimchemshia uji. Hakuwa mwanamke mbaya.

"Je, anasema au kufanya mambo yasiyofaa mbele za watu? Mambo ambayo zamani asingefanya?"

Eugenia akamtazama baba mkwe wake, akainamisha macho. "Samahani baba. Inabidi niseme. Daktari, msibani alilala kwenye jeneza. Aliwatukana wafiwa, akamwambia mwenye msiba kwamba alimnunua. Akadai kuku."

Kalamu ya Atupele ikasimama. "Jeneza la marehemu?"

"La marehemu."

Maulidi alikuwa amekaa pale pale. Neno moja tu lingetosha: utani. Lakini utani una masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba mtani hakasiriki, na la pili ni kwamba hajielezi. Anayeeleza ameshindwa. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoishi maisha yake yote. Daktari alipomwuliza kwa upole, "Babu, kwa nini ulilala mle?" yeye alijibu kama mtani anavyojibu.

"Nilikuwa napima. Wanyamwezi hawana vipimo, wanazikana kwa kukisia."

Alisubiri kicheko. Atupele hakucheka. Aliandika, na akaandika kwa muda mrefu.

Wakampeleka Dar es Salaam kupigwa picha ya ubongo. Wakamlaza ndani ya bomba jembamba jeupe, wakamwambia asijitikise wala asiseme. Mashine ikaanza kugonga kama watu wanaotwanga mihogo. Maulidi akaona jeneza jingine hili, na lenye ngoma.

"Nyie humo ndani, mnatwanga nini? Nani kafa?"

"Babu, tafadhali usiongee," ilisema sauti ya kijana kutoka kwenye spika. "Picha zinaharibika."

"Siondoki bila kuku."

Waliirudia kazi ile, wakapata picha chache tu zilizofaa. Atupele akaja Sofu kuwaeleza Ashrafu na mkewe. Njia zinazoitanisha kumbukumbu zilikuwa zimechoka, alisema, na hilo lilikuwa sahihi. Akasema pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayomzuia mtu kufanya mambo ya aibu, inaonekana haifanyi kazi vizuri, ukizingatia alivyofanya msibani. Hilo nalo aliliamini kwa moyo safi. Aliwapa barua ya kwenda kliniki, na huko wakaandikiwa vidonge vya kumtuliza. Wakashauriwa asipelekwe kwenye mikusanyiko, hasa misiba.

Kila asubuhi kidonge kimoja na uji. Mwanzoni Maulidi alikificha chini ya ulimi akakitema kwenye maua ya geti. Baadaye akasahau kukitema. Majirani wakaacha kulalamika. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono magotini, akitazama watu wanavyopita. Akipiga mswaki alikuwa bado anasema: kofia, kifua mbele. La tatu lilikuwa limekwisha kuanguka.

Yahya alikufa wakati wa mvua za vuli. Rukaya, binti yake, alimpigia simu Ashrafu mwenyewe. "Kaka, mleteni mtani. Baba ameusia. Bila mtani hatutoki."

Eugenia alipinga. Ashrafu, ambaye damu ya Kisarawe ilikuwa haijamwisha, alisema baba atakwenda, lakini atakunywa dawa kwanza na wao watakaa ubavuni mwake. Asubuhi ile Eugenia, kwa hofu ya aibu, akampa vidonge viwili.

Njiani waliziona zile nyumba zenye mageti mahali palipokuwa na minazi. Maulidi alitazama nje. Alijua wanakwenda kwa Yahya. Alijua Yahya amekufa. Alijua pia kwamba ana kazi huko, kazi kubwa, na aliitafuta kichwani kama mtu anayepapasa mifuko ya koti lake lote huku gari linaondoka.

Jeneza lilikuwa uani, tupu, mahali pale pale lilipokaa la Bi Zawadi. Alipoingia, wazee wachache waliobaki wakageuka, wakasogea, wakamwachia njia. Mmoja alianza kutabasamu kabla ya wakati. Rukaya akatoka ndani, macho makavu, mekundu, ameishika kofia ya babake kwa mikono miwili. Hakuiweka popote. Akamnyooshea Maulidi mbele ya watu wote.

"Mtani," alisema. "Kofia ya Mnyamwezi hii hapa."

Maulidi akaipokea. Aliigeuza. Aliujua uzi wake, alijua palipoliwa na jasho. Kifua kilimpanda kidogo, kama mtu anayetaka kujitanua, na uani kote watu wakamsubiri. Kulikuwa na jambo lililokuwa likija. Alilisikia likija kwa mbali, likapotelea huko huko.

Akaikunja kofia vizuri, mara mbili, akamrudishia binti wa watu.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," akasema.

Rukaya aliendelea kusimama na mikono mbele, akingoja. Wazee wakatazama chini. Kisha mtu akasema maji ya kuoshea yamekwisha kuwa tayari, na Rukaya akaingia ndani na kofia yake bila kulia. Yahya akabebwa akazikwa kimya, kwa utaratibu mzuri, na vijana wakarudi kwenye simu zao kabla udongo haujakauka mikononi. Maulidi alikaa mkekani baina ya mwanawe na mkamwana wake. Alipeana mikono na kila aliyekuja.

Atupele alirudi kwa ajili ya awamu ya pili ya utafiti. "Vipi mikusanyikoni?" aliuliza.

"Daktari, Mungu mkubwa," alisema Eugenia, uso umemng'aa. "Tulikuwa na msiba Kisarawe. Msiba wa rafiki yake mpenzi. Baba alitulia kabisa. Hata sisi tulishangaa."

Atupele akamgeukia mzee. Safari hii daktari hakuulizwa kabila lake. Alisubiri kidogo, kama mtu aliyezoea kutupiwa neno la utani na leo halijaja. Kisha akaandika.

Wakampeleka tena Dar es Salaam, wakamlaza kwenye bomba jeupe. Mashine ikagonga kwa muda wake wote. Yule kijana wa kwenye spika hakuwa na haja ya kusema lolote, na picha zilitoka safi.