Mtani Niliyemtukana Gazetini

Jamani, uso huu sijui nitauweka wapi. Masomo ya jioni nilishahitimu hapa Tabora, lakini gazeti la ukutani la shule bado nalihariri mimi, bingwa wa uhuru wa habari kuanzia Kitete hadi Nzega. Matusi yalikatazwa, nikabishana kwenye kikao hadi mate yakakauka, utani ukaruhusiwa. Sababu ni Mwanahawa, Mzaramo niliyesoma naye. Sisi Wanyamwezi ni watani wao, na kila wiki tulitukanana gazetini mpaka alipohamia Goweko. Tangu hapo hakuna anayenitukana vizuri, na jioni zimekuwa ndefu.

Jumatatu mlinzi akaniambia, “Mzaramo amefika, yuko ofisini.” Moyo nusura utoboe shati. Nikabandika mbiombio: “Mzaramo mwenye kichwa kama mzinga, umerudi kumaliza asali yetu? Nimekukumbuka hadi ugali haushuki.”

Jioni mwalimu mkuu mpya, mzee mwenye kipara, akayasoma maneno hayo mbele ya darasa zima, nami nimesimama mlangoni.

“Mzaramo ni mimi,” akasema taratibu. “Hicho kichwa ni utani, mtani wangu, nimekipokea. Ila ugali usioshuka, ni kwa ajili yangu?”

Darasa zima likanijibia, “Ni Mwanahawa, Mwalimu.”