Siku Bi Kaza Alipolegeza

Wifi yangu anaitwa Bi Kaza, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa karakanani, mwaka alioanza kazi, baada ya kufunga nati moja ambayo mafundi wawili wenye misuli walishindwa kuifungua. Tangu hapo, chochote kikilegea katika ghala letu, watu hupaza sauti kumwita. Ana vidole vifupi vinene na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Kunong'ona hajui. Kaka yangu alimwoa huku akijua yote hayo, kwa hiyo simhurumii.

Ghala letu ni la dawa. Mimi niko upande wa kutolea mizigo. Huko ndani hatembei mtu: kuna rafu zilizopanda kutoka sakafuni hadi karibu na paa, na katikati ya rafu kuna reli, na juu ya reli hukimbia vigari. Kigari ni kitu bapa, kama meza iliyokatwa miguu ikawekewa magurudumu manne. Kompyuta inakituma trei fulani, nacho kinakwenda chenyewe, kinaibeba, kinakuletea. Mara ya kwanza nilipokiona nilicheka peke yangu kama punguani.

Kicheko hakikudumu. Reli zile zimeungwa vipande vipande, na penye kiungo kipande kimoja hupanda kidogo kuliko mwenzake, unene wa ukucha tu. Kigari kikifika hapo kinaruka, chupa zinagongana, na mwisho wa safari unapokea trei inayonuka dawa ya kikohozi. Kufagia vioo si neno. Kilichoniuma ni kwamba kwa kila chupa iliyopasuka kulikuwa na mgonjwa mahali fulani anaambiwa dawa imekwisha.

Siku moja meneja akatukusanya.

"Nimevumilia vya kutosha," akasema. "Vigari vikiendelea kuvunja chupa mpaka mwisho wa mwezi, tunaving'oa. Tunarudi kwenye foklifti za kunyanyulia mizigo, na karakana tunaifunga."

Bi Kaza alikuwa ndiyo kwanza amefanywa fundi mkuu. Cheo kile alikisubiri tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni, na sasa mtoto huyo ananyoa ndevu. Karakana ikifungwa, ufundi mkuu wa nini? Aliwatazama mafundi wake mmoja mmoja, akatoa amri aliyoizoea.

"Kazeni!"

Wakakaza. Kila bolti ya kila gurudumu, mpaka spana zikalia. Chupa zikazidi kupasuka. Wakaongeza vyuma vya kushikilia, wakakaza na hivyo. Trei zikaja zimelowa zaidi. Mhandisi wetu, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akasema dawa ni kuzinyoosha reli.

"Reli zote hizi? Kabla ya mwisho wa mwezi?" Bi Kaza akamuuliza. "Labda uanze kuninyoosha mimi."

Sasa nikupeleke nyumbani, maana huko ndiko mambo yalikogeukia. Tunaishi ua mmoja: mimi, kaka, wifi na mama yetu. Mama ana kitanda cha kamba anachokiweka uani kupunga upepo. Ni kikuukuu, viungo vyake vimelegea, na akijigeuza kinatoa mlio kama mlango wa banda. Jumapili moja Bi Kaza, akiwa na hasira zake za kazini, akakiona. Mkono ukamwasha. Akaleta vyuma vya pembe na bolti, akakikaza kona zote nne, akifikiri anamfurahisha mama mkwe.

Mama akaja, akaketi. Mguu mmoja wa kitanda ukaning'inia hewani, kisha ukaanguka. Ko! Akaegemea upande wa pili. Ko!

"Nani amekigusa kitanda changu?"

"Mimi, mama. Kilikuwa kimelegea, nimekukazia."

"Kulegea ndiyo kazi yake!" Mama akawaka. "Ua huu una mabonde, huoni? Kitanda changu kilikuwa kinaujua. Kila mguu ulikuwa unajitafutia pa kukaa. Sasa umenifanyia jeneza!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasubiri majibu, kwa sababu wifi hajawahi kulala na deni la maneno. Yeye akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya ule mguu ulioning'inia.

"Mama, hebu geukia huku kidogo."

Ko!

"Rudi tena."

Ko!

"Mimi ni mwanasesere wako?"

Bi Kaza akaruka juu. "Magurudumu manne! Wifi, magurudumu manne!" Akatoka mbio kwenda kwa mhandisi, huku amevaa ndara za mama.

Jambo lenyewe, baadaye aliponieleza, hata mimi nililielewa. Magurudumu manne yaliyofungwa imara kwenye fremu moja hayawezi kukanyaga yote kwa pamoja mahali pasipo sawa. Moja likipanda, jingine linabaki hewani, kisha linaanguka, na chupa zinaanguka nalo. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyoharibu. Kila gurudumu linataka mkono wake wenyewe, unaopanda na kushuka, na kitu cha kulisukuma lirudi kwenye reli.

Mhandisi alipoelewa, alipiga kofi mezani kwa furaha, na yule si mtu wa kupiga meza. Akachora. Bi Kaza akakata vyuma. Kigari cha kwanza wakakiwekea mikono ya magurudumu yenye vipande vya raba juu yake. Kikabeba trei, kikainama, trei ikateleza ikamwagika yote. Fundi mmoja akaguna, "Haya, mkazaji naye kalegea." Walicheka, na wifi usiku ule hakula.

"Raba laini inabonyea chini ya mzigo," mhandisi akamwambia. "Ngumu itaturusha kama zamani. Nipe uzito kamili wa trei nipige hesabu."

Basi wakawa wanapima, wanagombana, wanakunywa chai, wanagombana tena. "Hesabu zake, vyuma vyangu," alisema Bi Kaza, "ugomvi tunagawana." Raba ikapatikana. Kilichobaki kigumu kilikuwa mikono ya watu. Mafundi walikuwa wameshazoea: wakiona pini ya mkono wa gurudumu inacheza, wanaikaza mpaka inaganda, na kazi inarudi ilikotoka. Aliwanyang'anya spana. Nilimwona hata yeye akinyoosha mkono kuikaza, kisha akauchapa kwa mkono wa pili.

Ikafika siku ya majaribio. Meneja alisimama na mikono kifuani. Trei ilijaa chupa za vioo, kigari kikaingia gizani kati ya rafu. Sisi tulizoea kukifuata kwa masikio: chupa zinavyolia ndivyo unavyojua kimefika wapi. Tukatega masikio. Kimya. Tukasubiri. Kimya.

"Kimekwama," meneja akasema, na hakusema kwa furaha.

Nikamtazama wifi. Midomo aliibana, macho yamemtoka. Mtu akasema ngazi iletwe.

Ngazi haijafika, taa ya kijani ikawaka mbele yangu. Kigari kikachomoza taratibu, kimebeba trei, chupa zimesimama kama zilivyopangwa. Nikainua moja, nikaipapasa chini. Nikainua nyingine.

"Kavu!" nikapiga kelele. "Wifi, kavu zote!"

Ghala likalipuka kwa vigelegele. Mhandisi alirushwa juu, miwani ikaenda njia yake. Meneja alikirudisha kigari ndani mara nyingi, akiinama kusikiliza kama mtu anayengoja uongo ujitokeze. Haukujitokeza.

"Tengenezeni vyote," akasema mwishowe. "Na karakana yenu itanuliwe, fundi mkuu."

Kabla ya kutoka, Bi Kaza alichukua brashi akaandika ubavuni mwa kigari kile: MAMA MKWE. Meneja akauliza kisa.

"Ndiye aliyenifundisha," akajibu. "Halafu ndiye mama mkwe pekee duniani anayepita bila kelele."

Maneno hayo mama aliyapata kabla wifi hajavua viatu. Aliyeyapeleka ni mimi. Nisingeweza kulala nayo. Mama alisimama uani, mkono kiunoni, akimtazama Bi Kaza akifungua bolti za kitanda moja baada ya nyingine. Kisha akaketi. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto. Miguu yote minne ilikaa chini.

"Kumbe mimi nina kelele?" akauliza.

Akageukia ukuta wa jirani, akapaza sauti.

"Jirani! Njoo uone kitanda alichonitengenezea mwanangu!"

"Yule wa kiume?" jirani akauliza.

"Wa kiume anajua kutengeneza nini? Huyu fundi mkuu!"

Bi Kaza aliinamia spana yake, hakuinua uso. "Asante, mama," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ua wetu, alinong'ona.