Nyoka wa Miguu Sitini

Mdogo wangu alikuja kumsalimu Mama siku ya Jumapili, akakwama. Risasi zilianza kulia upande wa mtaa wa Katindo kabla hajamaliza chai yake, na Katindo ndiko alikomwacha mke wake na mimba ya miezi tisa. Jumatatu mtandao wa simu ukakatika. Tukabaki watatu ndani ya nyumba ya mbao, mageti yote ya mtaa yamefungwa, na kila mara yeye anasimama, anavaa viatu, Mama anamwambia avue.

Mimi ndiye niliyeleta mchezo, na sikuuleta kwa kujiburudisha. Nilitaka akae. Ni ule mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia safari, mwingine anasema shujaa wake anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Kitabu cha kanuni kilikuwa kwenye simu yangu, kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine, na humo mlikuwa na nyoka mkubwa wa bondeni: "miguu sitini". Nikamsimulia hivyohivyo. Jumatatu nzima mdogo wangu alipigana na nyoka anayekimbia kwa miguu thelathini kila upande, anaikata mmoja mmoja, na Mama anahesabu iliyobaki kwa maharagwe. Tulicheka mpaka tukasahau kulala chini mlio uliposogea.

Jumanne asubuhi alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini.

"Yaya," akaniita, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "hii si miguu ya kutembea. Ni pied, futi ya kupimia! Ni urefu ya nyoka."

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu nakuwa mbishi. Nikamwambia basi, nyoka ana urefu wa miguu sitini, kitabu kimesema. Hapo nilimgusa pabaya, maana yeye ni fundi mbao, na vipimo ndiyo dini yake ya pili.

"Kitabu kimesema! Ule mutu aliandika, aliona nyoka wapi?"

Chatu aliyemeza mbuzi wa mjomba kule Rutshuru, akanikumbusha, walimpima kwa mipini ya majembe na hakuzidi mita sita. Nyoka wangu, wa mita kumi na nane, alikuwa kama mara tatu yake. Akachukua viberiti ambavyo Mama huviuza dirishani, akaweka kimoja mezani. Ukikirefusha mara mbili, akasema, lazima ukipanue mara mbili na kukiinua mara mbili, la sivyo hutapata kiberiti, utapata kijiti. Akapanga vinane. Ukitaka mara tatu, ishirini na saba.

"Sasa nyoka yako ni chatu vingt-sept ndani ya ngozi moja. Itatambaa namna gani juu ya hii mawe ya volkano ya huku kwetu? Tumbo itapasuka. Weka vingt-cinq, tuendelee."

Miguu ishirini na tano. Alisema kweli na nilijua. Lakini niligundua kwamba akibishana havai viatu, kwa hiyo nikaing'ang'ania sitini yangu kutwa nzima. Tukabishana nyoka huyo anakula mbuzi wangapi kwa mwezi, anapumuaje akiwa amejilalia mwenyewe, shimo lake lina mlango wa kiasi gani. Mama alituambia tunamchosha, ila hakutunyamazisha. Mimi moyoni nilikuwa nimechoka kuliko wote. Kuta zile nilizozaliwa ndani yake nilizichukia, na sikuwa na ruhusa ya kusema hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa kubaki.

Jumatano nilikosea. Alinicheka kwamba nasema sitini bila kujua sitini ni nini, hasira zikanipanda, nikamwambia: "Basi pima!"

Utepe wake wa kupimia ulikuwa kwenye karakana, hukohuko Katindo. Akasema atapima kwa mguu, kisigino kwenye kidole, na akavaa viatu kwanza, eti mguu mtupu unadanganya. Akaanzia ukuta wa chumba cha nyuma, akihesabu kwa Kifaransa kama tunavyohesabu wote. Mlango wa mbele ulikuwa thelathini na moja.

"Unaona? Nyoka yako haiwezi kuingia hata ndani ya nyumba."

"Endelea uani," nikasema. Bado nilikuwa nashindana, mjinga mimi.

Uani akaenda polepole, macho chini, Mama akimfuata nyuma. Geti lilikuwa arobaini na saba. Akasimama, pua ya kiatu imegusa mbao, na hapo nikaelewa nilichofanya.

"Imetosha," nikamwambia. "Ni quarante-sept. Ni vingt-cinq hata, vile ulisema. Ulishinda, petit, mdogo wangu. Rudi tucheze."

"Hapana, Yaya. Kitabu kimesema soixante."

Akaondoa komeo.

"Mutoto wangu," Mama akasema, "mutoto wangu, usitoke."

"Mama, bibi yangu iko na mimba, iko peke yake."

Akaweka mguu nje, kisigino kwenye kidole: quarante-huit. Nikahesabu naye kimoyomoyo. Mpaka hamsini na tatu alikuwa bado anapima. Kisha hatua zikawa za kutembea, kisha za kukimbia, barabara tupu, upande wa Katindo.

Risasi zikalia karibu. Mama akaniambia nifunge. Komeo lilikataa mara mbili, na nilipolifunga mdogo wangu alikuwa bado anaonekana.