Picha ya Kutangulia Jeneza

Mama yangu nimempiga picha mpaka kamera ikaota sugu, lakini uso wake sikuwa nao. Nina mgongo wake umeinama shambani. Nina visigino vyake, vile vyenye nyufa ambazo ukidondosha shilingi huipati mpaka mavuno. Nina mikono yake inapepeta ulezi, kivuli chake ukutani, na moshi wa jikoni ambao yeye yumo ndani hata haonekani. Uso, hakuna.

Pale Majengo, mjini, nina kibanda, napigia watu picha za vitambulisho, wanakaa mbele ya kitambaa cha bluu. Wenzangu wa vibanda vya jirani waliniita Fundi Visigino. Mteja akija wanamwambia, "Vua viatu kabisa, huyu juu hafiki." Mi nacheka nao, ningefanyaje? Shule niliacha darasa la nne, maana mwalimu alikuwa ananiuliza maswali ambayo majibu yake anayo mwenyewe, sasa ananisumbulia nini? Picha za sanaa nilijifunza kwa kuangalia tu. Na visigino hivohivo ndo vilivyonitoa. Vikatundikwa Dar kwenye maonyesho, ukuta mweupe, watu wamevaa suti wanavitazama kimya kama wako kwenye misa. Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akakaa chini. "Na mimi viatu vya kwenda Dar sina!" akasema.

Sasa uso kwa nini sikuwa nao? Kwetu kijijini, upande wa Kate, mzee akipigwa picha peke yake, amekaa kwenye kiti, ametazama mbele, kila mtu anajua hiyo ni ya nini. Ndo inawekwa fremu, inabebwa mbele ya jeneza, mjukuu mmoja kashika picha, mwingine kashika msalaba. Yaani mzee akikaa tu kwenye hicho kiti, majirani wanaanza kuulizana masufuria makubwa yako kwa nani. Mama alikuwa hataki kabisa. Nikiinua kamera, anageuka. Nikizunguka, naye anazunguka. Siku moja tulizungukana hivo uani mpaka kuku wakashikwa na kizunguzungu.

"Baba," ananiambia, maana mimi nimerithi jina la baba yake, "wewe piga huko nyuma. Huko nyuma hakufi mtu."

Basi, mi nikawa napiga huko nyuma, miaka na miaka.

Halafu miguu ikaanza kumvimba. Tukamleta mjini, akakaa kwangu Kizwite, tukawa tunakwenda naye hospitali na kurudi. Mwishowe daktari akatuita mimi na dada yangu mkubwa, akasema taratibu, mrudisheni nyumbani, apate anachopenda kula. Dada akaondoka naye. Mi nikabaki kibandani nawaambia wateja wanyooshe shingo.

Haikupita muda dada akanipigia simu. "Mama anasema uje. Na uje na kamera."

"Ya nini?"

"Anasema atakaa kwenye kiti."

Nilikuwa na mteja mbele yangu, kijana anataka picha ya leseni. Nilimpiga amefumba macho, na sikuona mpaka alipoirudisha.

Njiani kwenye pikipiki nilipanga uongo gunia zima. Nilijua nikibonyeza tu kile kidude, nimekubali. Nisipobonyeza, labda na yeye ataghairi. Ndo akili za mtu mzima hizo, mwenye ndevu.

Nikamkuta uani. Kaogeshwa, kavaa kitenge chake cha akina mama wa kanisani na kitambaa cheupe kichwani, amekaa kwenye kiti, amekishikilia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimeshakaa."

"Mama, leo mwanga mbaya."

"Mwanga wa mgongo ulikuwepo miaka yote, wa uso ndo umekwisha leo?"

"Na huu upepo, mama. Utakubeba na kiti chako mpaka Zambia."

"Basi wanipige hukohuko Zambia, kama wewe umeshindwa."

"Betri nayo…"

"Taa si ile inawaka? Nimevimba miguu, macho hayajavimba."

Dada akageukia ukutani. Mi nikainua kamera, nikaishusha. Mama akaniangalia tu, uso kwa uso, wala hakugeuka. Ndo hapo nikaelewa kwamba tumemaliza kuzungukana.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "unataka nitangulie bila uso? Watabeba nini pale mbele, visigino?"

Neno lake mwenyewe likamchekesha. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, mkono ukaruka kuziba mdomo maana meno ya mbele hakuwa nayo. Mi nikabonyeza, hata sijui nilibonyezaje.

"Turudie mama, umeziba mdomo."

"Imetosha. Watu hawafi mara mbili. Nishikeni nikalale."

Alikufa ulezi bado uko shambani. Dada alipoiona ile picha akakasirika. "Picha gani hii ya msiba? Anacheka, na nusu ya uso mkono!" Akatafuta nyingine. Ikapatikana moja ya kikundi cha kanisani, mama yuko mstari wa nyuma, uso wake kama punje ya ulezi. Nilipoikuza ukawa ukungu mtupu. Dada akaitazama sana, akailaza kifudifudi mezani. Akasema, "Tengeneza hiyo yako."

Ikatoka ndani imebebwa na mjukuu. Mtani wetu mmoja alipoiona akapiga kelele, "Jamani, huyu mama hata leo anatucheka!" Watu wakacheka, halafu kicheko kikageuka hapohapo, ikawa kilio uwanja mzima.

Msibani mpiga picha huwa anatangulia, anatembea kinyumenyume, anawapiga wanaokuja na jeneza. Wakanipisha, "Pita mbele, fundi." Nikatikisa kichwa. Kamera niliivaa shingoni kwa mazoea tu. Nikaenda nikatembea mwisho kabisa, nyuma ya akina mama wenzake wa kanisani. Wote wamevaa kitenge kilekile na kitambaa cheupe kilekile, wameinama kidogo kwa ajili ya upepo.

Njia nzima nilikuwa naangalia ile migongo. Mgongo wa mama mi naujua hata kwenye ukungu. Naujua bega gani liko chini. Nikaipitia yote, mmoja mmoja, nautafuta, mpaka tukafika makaburini.