Nilivyotubu Korongoni na Kipaza Sauti Kikiwa Wazi

Jamani, aibu hii ningeweza kuificha ningeificha, ila kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Mkomaindo waliisikia kwa masikio yao, bora nanyi muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Mimi ni mjumbe wa mtaa. Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo mpaka ardhi ikashiba, ukikanyaga shambani mguu unazama, na tangazo likaja kwamba Masasi na Newala kote mvua za radi zinakuja, na hata ikinyesha kidogo tu maji hayana pa kuingia, yatakimbilia makorongoni. Nikapewa kipaza sauti cha mkono nizunguke mtaani (na mnavyonijua, nilijiona waziri). "Msivuke korongo! Zungukeni darajani!" Nikamkuta Mzee Chilumba kakunja suruali anataka kuvuka, nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu hapo hapo nikatangaza kwamba kuna wazee mwaka huu wanataka kuliwa na samaki. Akakunjua suruali, akarudi.

Saa sita nikakumbuka nimeacha kunde jikoni. Darajani mbali, mvua imekata, korongo lina maji ya magotini tu. Nikaangaza huku na huku, hakuna mtu. Nikaingia.

Katikati nikateleza, nikakaa chubwi, maji kifuani, kanga yangu ya juu hiyo inaondoka zake, na mimi nimekumbatia kipaza sauti chini ya kidevu kisilowe (mali ya ofisi ile!), kidole kimeganda kwenye kitufe wala sina habari. Nikamlilia mama yangu, nikamlilia mume wangu Baba Zuhura, nikaona mauti ndiyo haya, basi bora nitubu: "Mama Salima, nisamehe! Lile sufuria la kikundi chetu cha akina mama ulilosingiziwa kuiba ninalo mimi, liko uvunguni!"

Mtaa mzima ukaja mbio, mbele Mzee Chilumba, nyuma yake Mama Salima mwenyewe.

"Mama Zuhura, simama!" mzee akaniita.

"Siwezi, maji yamenifika kifuani!"

"Si umekaa, mwanangu! Simama!"

Nikasimama. Maji yakabaki magotini. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye tope. Mama Salima peke yake hakucheka, alinishika mkono, akanivuta hadi juu ukingoni, ndipo akauliza polepole, "Uvungu wa chumba gani?"

Kabla sijajibu tukasikia mngurumo kutoka upande wa milimani, kule radi zilikokuwa zinapiga, maji mekundu yakashuka kwa kishindo na gogo zima la mkorosho likapita pale pale nilipokuwa nimekaa. Kicheko kikakatika. Mzee Chilumba, yule yule niliyemtangazia samaki, akanivika koti lake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko chote.

Sufuria lilitolewa uvunguni mbele ya kikundi kizima. Mimi nimeapa, ardhi ikishashiba sivuki korongo hata maji yawe ya kulowesha kisigino. Kutangaza nako nimenyang'anywa, siku hizi anatangaza Mama Salima, na juzi mawingu yalipokusanyika nilimsikia akipita dirishani kwangu taratibu: "Msivuke makorongo! Na wenye vyombo vya watu, rudisheni sasa hivi, msisubiri maji ya kifuani!"